Dakika Arobaini hadi Ukingoni

Katika nchi moja ambayo haipo, na ambayo wakazi wake wameombwa rasmi wasijitambue, palikuwa na viwanja viwili vya ndege. Kimoja kilikuwa Kitovuni, makao makuu, chenye mazulia na chemchemi ya maji ndani ya ukumbi. Kingine kilikuwa Ukingoni, upande wa pili wa nchi, chenye paa la bati na mbuzi wachache. Kati ya viwanja hivyo palikuwa na kilomita elfu moja mia sita na arobaini, na ndege ya serikali ilizimaliza kwa muda wa saa tatu na robo kama upepo haukuwa na kinyongo. Jambo hili lilijulikana na kila mtu, na halikumuudhi yeyote, mpaka siku Mtukufu Kiongozi alipopitiwa na usingizi.

Mtukufu alikuwa akienda Ukingoni kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya kuwapenda watu wa huko. Alikula vizuri kabla ya kupanda, akasinzia ndege ikiwa bado inajivuta kuelekea njia ya kurukia, akazinduka magurudumu yalipogusa ardhi. Akashuka, akajinyoosha, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimedanganywa kwa miaka mingi. Nimeambiwa Ukingoni ni mbali. Huo umbali uko wapi? Nimefumba macho kidogo tu, kufumbua nipo kwenu. Dakika arobaini. Kama zimezidi, basi ni zile za kufunga mkanda."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu mstaafu mmoja aitwaye Hozea, aliyekuwa amekalishwa mstari wa mbele kwa ajili ya umri wake na kifua chake kibovu, alitazama saa yake ya mkononi, akaitazama ndege, kisha naye akapiga makofi, maana wasiopiga walikuwa wakiandikwa majina.

*

Kitovuni, nyuma ya jengo la posta, ilikuwepo Ofisi ya Masafa ya Taifa, na humo alifanya kazi Zebedayo Lukindo, Afisa Masafa Daraja la Pili. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameipima nchi kwa namna aliyofundishwa: tufe kubwa la mbao, pini mbili, na uzi uliopakwa nta. Unachoma pini hapa, unachoma pini kule, unanyoosha uzi, kisha unaulaza kwenye rula ya shaba na kusoma. Kompyuta ilikuwepo pia, na ilitumika kuwekea sinia ya vikombe. Lukindo hakuwa mtu wa kujisifu, lakini alikuwa na fahari moja: hakuna rubani aliyewahi kurudi kumlaumu.

Huyu Mwalimu Hozea alikuwa shemeji yake. Alimwoa dada yake, Perusi, aliyemlea Lukindo tangu mama yao alipofariki, na wote wawili walikuwa wameishi Ukingoni miaka mingi. Shemeji alikuwa na utani wake mmoja usiochuja. Kila walipozungumza kwa simu alimuuliza, "Shemeji, leo mmetusogeza, au bado tuko huko huko?" Na Lukindo alimjibu kila mara, "Bado mko huko huko, Mwalimu." Wakacheka, kisha ndipo wakasalimiana.

Sasa twende kwenye ile Jumatatu. Hakuna aliyemshikia Lukindo bunduki. Hilo lisemwe mapema, msomaji asije akamwonea huruma kupita kiasi. Mkurugenzi Chiwanga aliingia na cheti kilichokwisha kuchapwa, akaegemea meza, akasema kwa upole kabisa.

"Bwana Lukindo, Mtukufu ametupunguzia kazi. Ametupimia mwenyewe."

"Nimesikia redioni, mzee."

"Basi imebaki ofisi imfuate. Dakika arobaini."

"Mzee, ndege ile haiwezi..."

"Sisi hatuzungumzii ndege. Ndege ni za wizara nyingine. Sisi ni umbali."

Akaomba mkasi. Aliukata uzi yeye mwenyewe, kwa mikono yake, huku Lukindo akiwa amemshikia tufe lisizunguke. Lakini uzi ule uliofupishwa haukufika tena Ukingoni, ikabidi pini ya Ukingoni isogezwe kuufuata, ikaangukia katikati ya ziwa. Mkurugenzi akatafakari kidogo, akasema kwamba watu wa Ukingoni siku zote wamekuwa wakilalamika hawana maji.

Kilichokuja kumtia Lukindo aibu baadaye, hata kuliko sahihi yenyewe, ni kwamba aliomba apewe dakika tano za kupiga hesabu. Cheti kilikuwa na nafasi ya kilomita iliyoachwa wazi. Akachukua mwendo wa ndege, akauzidisha, akaugawanya, akapata kilomita mia tatu thelathini na sita, akaziandika kwa mwandiko wake mzuri wa mlazo. Hakutaka uongo wa ofisi yake uwe na makosa. Kisha akatia sahihi, akapuliza wino ukauke.

Wiki iliyofuata akapandishwa kuwa Afisa Masafa Daraja la Kwanza, akaletewa kiti chenye mikono. Katika nchi hiyo mtu akipanda cheo huwapigia simu hata maadui zake. Lukindo hakumwambia mtu. Dada yake alipopiga kuuliza ni nani huyo aliyetia sahihi upuuzi ule, alijibu, "Ni wakubwa huko juu, dada. Sisi tunabeba makaratasi tu." Uso ukamchoma, ingawa alikuwa peke yake ofisini na mlango umefungwa.

*

Serikali ile haikuwa ya kutangaza jambo na kuliacha hewani. Waraka ulitoka, wenye kurasa kumi na nne. Kwa kuwa safari ilikuwa ya dakika arobaini, chakula ndani ya ndege kilifutwa. Kwa kuwa mtu mzima mwenye nidhamu anaweza kujizuia kwa dakika arobaini, choo cha ndege kilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ukapelekwa wizarani. Mafuta tu ndiyo hayakupunguzwa, kwa sababu Mtukufu naye huwa anapanda ndege. Yalipakiwa kama zamani, ila kwenye daftari yaliandikwa kuwa ni maji ya kuoshea mabawa.

Tatizo likabaki kwenye saa za abiria, ambazo hazikuwa zimesoma waraka. Likabuniwa kapu. Mlangoni mwa ndege alisimama mhudumu mwenye tabasamu na kapu la ukili lililodariziwa bendera, na kila abiria alivua saa yake na kuitumbukiza humo pamoja na simu. Ndege ikitua, alirudishiwa saa ikiwa imekwisha kurekebishwa: dakika arobaini tangu kuruka, haikuzidi hata moja. Abiria walishukuru, wakatembea kwa haraka isiyo ya kawaida hadi vyooni, na huko, baada ya haja ya kwanza, kila mmoja alijifungia kwa haja ya pili, akairudisha saa yake kwenye ukweli kimyakimya. Mtu alikuwa akitoka chooni hamtazami mwenzake. Watu wa ndoa moja walijificha kila mmoja na choo chake.

Lukindo mwenyewe alipanda ndege hiyo mara moja, akienda likizo kwa dada yake. Alikaa karibu na bibi mmoja mnene aliyebana magoti tangu mawingu ya kwanza. Baada ya muda mrefu sana bibi akamwinamia, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hizo dakika arobaini bado?"

"Zinakaribia, mama," akasema Lukindo. Zilikuwa zimebaki saa mbili kasorobo.

Na huko Ukingoni, kwenye ukuta wa kutokea abiria, cheti kilikuwa kimetundikwa ndani ya kioo, na chini yake jina lake limechapwa kwa herufi za dhahabu. Dada yake alikuwa amekuja kumpokea. Lukindo akawahi, akasimama kukipa mgongo kile kioo, akasema, "Shikamoo, dada," akaitikiwa marahaba, akaulizwa habari za watoto, za baba mwenye nyumba, za mvua, naye akajibu zote bila kusogea hatua moja, mabega ameyatanua. Bahati yake dada hakuwa amevaa miwani. Walipotoka nje shati lilikuwa limemganda.

"Umechoka, Zebe," dada akamwambia. "Safari ni ndefu, waseme wasemavyo."

*

Mwaka uliofuata, wizara inayohusika na afya ilisoma kile cheti na kugundua jambo. Kama Ukingoni ni dakika arobaini kutoka Kitovuni, na Kitovuni kuna hospitali kubwa, basi wodi ya wagonjwa mahututi ya Ukingoni ilikuwa ni ubadhirifu. Mashine zikafunguliwa, zikasafirishwa Kitovuni. Zilifika baada ya muda wa saa tatu na robo, lakini mashine hazina saa.

Miezi miwili baadaye kifua cha Mwalimu Hozea kilifunga. Hospitali ya Ukingoni, ambayo sasa ilikuwa na vitanda na heshima tu, ikaamua apelekwe Kitovuni kwa ndege ya kesho yake saa mbili asubuhi. Muuguzi aliomba mitungi minne ya oksijeni. Kiwanja kikajibu kwa maandishi kwamba hewa hupakiwa kulingana na muda rasmi wa safari: mtungi mmoja wa dakika arobaini, na dakika kumi za akiba kwa ukarimu wa serikali. Mtungi wa pili ungehitaji maelezo. Mtungi wa tatu ulikuwa uchochezi.

Perusi akampigia simu ndugu yake mchana huo.

"Zebe, wewe ni mtu wa umbali. Hao wa kiwanjani watakusikiliza. Waambie watupe mitungi minne, hata mitatu."

"Nitawaambia, dada."

"Ongea na shemeji yako kidogo. Anataka kukusalimu."

Sauti ya Mwalimu Hozea ilitoka kwa vipande, na katikati ya kila kipande palikuwa na mluzi. "Shemeji," akasema. "Kumbe... mmetusogeza kweli. Nitafika kwako... chai haijapoa."

Lukindo alijaribu kucheka, kwa kuwa ndivyo walivyozoea, na kicheko kilikataa. Akasema tu, "Karibu sana, Mwalimu."

Kisha akapiga kiwanja cha Ukingoni, akajitambulisha. Meneja wa kiwanja alimpokea kwa furaha kubwa. Hajawahi, akasema, kuzungumza na mtu ambaye jina lake limeandikwa kwa dhahabu. Lukindo akaeleza haja yake.

"Mheshimiwa, mimi ni mtu mdogo," meneja akasema. "Ninafuata cheti, na cheti kina sahihi yako. Wewe niandikie kingine sasa hivi, mstari mmoja tu, kwamba ni mbali zaidi ya pale, nami nitapakia mitungi hata kumi."

Kalamu ilikuwa mezani. Karatasi ilikuwa mezani. Lukindo alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mikono, na mikono yake mwenyewe ilikuwa juu ya ile mikono ya kiti, na haikuinuka. Alijiambia kwamba Mwalimu ni mtu mgumu, amewahi kubanwa kifua na akapona. Alijiambia kwamba pengine upepo wa kesho utakuwa mzuri.

"Basi, haina haja," akasema.

*

Ndege iliruka saa mbili kamili. Oksijeni iliisha saa tatu kasoro dakika kumi. Mwalimu Hozea alifariki saa tatu na dakika ishirini hivi, juu ya mbuga ambayo kwenye ramani mpya haikuwepo, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mkewe. Abiria wengine thelathini walitazama madirishani. Ndege ilitua saa tano na robo, mhudumu akagawa saa kutoka kwenye kapu, na saa ya marehemu pia ikarudishwa, imerekebishwa.

Daktari wa Kitovuni aliandika alichokiona, kwamba mgonjwa amefariki karibu saa mbili kabla ya kufikishwa. Hapo ndipo serikali iliposhtuka. Si kwa kifo, maana vifo ilikuwa imevizoea, bali kwa hesabu. Ndege ikiruka saa mbili, inatua saa tatu kasoro dakika ishirini. Mgonjwa, kwa hiyo, alifika akiwa hai. Sasa huyu mama alikuwa wapi na mumewe kuanzia hapo hadi saa tano na robo? Ikaundwa Tume ya Kutafuta Saa Mbili na Dakika Thelathini na Tano Zilizopotea, na Bi Perusi akashtakiwa mbele yake kwa kumchelewesha mgonjwa uwanjani na kuuficha muda wa Taifa. Adhabu ya kosa hilo ilikuwa kifungo cha miaka saba.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Mheshimiwa Balozi Tarimbo, mstaafu, ambaye alikuwa na koti la kila kikao. Tume ilianza kazi kwa kupekua mabegi ya mshtakiwa, kama saa zile zimo. Wakakuta chupa ya chai, khanga mbili, na miwani ya marehemu imefungwa kwenye leso. Abiria thelathini wakaitwa mmoja mmoja. Wote waliapa kwamba safari ilikuwa ya dakika arobaini, huku wakitazama dari, na mama mmoja aliapa huku akilia, lakini aliapa.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya mtaalamu. Mkurugenzi Chiwanga alimsindikiza Lukindo mpaka mlangoni akimpangusia vumbi begani. "Utasema dakika arobaini," alimwambia. "Kisha utakaa, utaletewa chai."

Dada yake alikuwa kwenye benchi la korido, kati ya askari wawili, kajifunga kaniki. Alipomwona ndugu yake alisimama, askari wakamruhusu.

"Nimewaambia hawa," akasema, "subirini aje mdogo wangu. Huyu hajawahi kukosea hata kilomita moja. Yeye atawaambia."

Lukindo hakuweza kumshika mkono. Aliona aibu kumgusa.

*

"Mtaalamu," akasema Balozi Tarimbo, "Tume haitakuchosha. Tunakuuliza jambo ambalo kila mtoto analijua, kwa sababu tu sheria inataka liandikwe. Kutoka Ukingoni hadi Kitovuni ni muda gani?"

Lukindo alikuwa amejiandaa kusema dakika arobaini. Aliliandaa neno hilo usiku kucha na lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini dada yake alikuwa ameketi mbele yake akimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani anaposoma kwa sauti, midomo ikimfuata.

"Kilomita elfu moja mia sita na arobaini," akasema. "Saa tatu na robo."

Mkurugenzi Chiwanga akaanza kuchunguza vifungo vya koti lake. Balozi Tarimbo hakukasirika hata kidogo. Alivua miwani, akaifuta, akaonekana mtu aliyeletewa zawadi.

"Ahsante. Na hiki cheti cha dakika arobaini, kilichompotosha Mtukufu Kiongozi wetu na taifa zima, alitia sahihi nani?"

Kila aliyekuwa mezani alijua. Cheti kilikuwa mbele yao. Ni mtu mmoja tu ukumbini aliyekuwa hajui, na huyo ndiye aliyegeuka huku na huku kumtafuta mwovu kwenye viti vya wakubwa.

"Mimi," akasema Lukindo.

Bi Perusi alikuwa bado anatafuta. Ilichukua muda kidogo sauti ile kumfikia.

"Wewe, Zebe?"

"Ndiyo, dada."

"Nilipokupigia simu ya mitungi, wewe ndiwe uliyekuwa umetia sahihi?"

"Ndiyo. Na waliniambia niandike kingine. Sikuandika."

Balozi Tarimbo aligonga meza, na mambo yakaenda upesi. Tume ilimwona Bi Perusi hana hatia, ikampongeza kwa uvumilivu wake. Ilimshukuru Mtukufu Kiongozi kwa kugundua, kwa juhudi zake binafsi, kwamba Ukingoni ni mbali. Iliagiza umbali huo uzinduliwe rasmi kwa ngoma na utepe mwezi ujao. Na ilimkabidhi Zebedayo Lukindo kwa askari, kwa kosa la kufupisha nchi. Mkurugenzi Chiwanga, aliyeukata uzi, aliteuliwa papo hapo kuongoza kamati ya uzinduzi.

Askari walipomshika Lukindo, Bi Perusi alisimama. Mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa na roho nyeupe kwa watu wote, akamruhusu aseme neno.

"Sina neno na Tume," akasema. "Nina swali kwa mdogo wangu."

Akamsogelea. Hakuwa na hasira usoni, na Lukindo angefurahi kama angekuwa nayo.

"Siku ile ya kwanza, ungekataa kutia sahihi, wangekufanya nini? Wangekufunga?"

"Hapana, dada."

"Wangekupiga?"

"Hapana."

"Wangekufukuza kazi?"

"Hapana. Hawakusema hivyo."

"Sasa walikutisha na nini?"

Lukindo aliangalia mlango, na mlango ulikuwa mbali. Alitamani dada aulize kitu kingine chochote. Akajibu kwa sauti ambayo waliokaa nyuma hawakuisikia.

"Wangenihamishia Ukingoni."

Bi Perusi, mkazi wa Ukingoni kwa miaka thelathini na mmoja, alirudi akakaa chini. Karani wa Tume aliinua kalamu, akauliza kama jibu hilo liandikwe.